Nguzo Kavu za Mtaa wa Chini

Wasifu wa kwanza wa marehemu ulikuwa mzuri kuliko huu. Mwanawe wa kwanza, ambaye ni mwalimu na kwa maneno matamu hajambo, aliuandika siku ileile ya msiba, na ulikuwa umebaki kupelekwa kwa mchapaji. Ulisema kwamba baba aliwanywesha wenye kiu maisha yake yote. Mjane alisomewa, akasikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza mtu, kisha akasema, "Umeandika vizuri, mwanangu. Sasa kaandike ya baba yako." Mtakayoyasikia ndiyo yaliyoandikwa baada ya hapo. Yanasomwa na mpwa wake kwa sababu watoto wake wamejaribu kuyasoma nyumbani wakashindwa.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Februari 1952, akiwa mtoto wa pili na wa mwisho wa fundi wa kupaka mabehewa rangi na mama mfua nguo, katika chumba kimoja cha kupanga nyuma ya karakana ya reli. Chumba hakikuwa na maji. Mama yake alichota kwenye bomba la karakana, mlinzi akiwa ameamka vizuri. Akiwa ameamka vibaya, mama alirudi na ndoo tupu na nguo za watu zikalala na uchafu wao. Marehemu alikuwa akitumwa mbele kwenda kumchungulia mlinzi usoni, arudi aseme kama leo kunaendeka. Familia inalitaja hili mapema kwa sababu watu wana huruma, hupenda kusema kwamba fulani alikosa kwa kutojua. Marehemu alijua maji ya kuomba yana ladha gani.

Shule ya msingi alianza mwaka 1960, akamaliza 1966. Hesabu zilimpenda. Alitembea na kamba yenye mafundo mfukoni, akapima madirisha, akapima ubao, akapima hatua za mwalimu mkuu. Siku moja alimwambia mwalimu wa hesabu mbele ya darasa zima kwamba meza yake imeenda upande kwa upana wa vidole viwili. Alichapwa kwa utovu wa adabu, na wiki iliyofuata seremala akaja kuinyoosha meza. Tangu siku hiyo jina lake likawa Kamba, na wenzake wa rika wamemwita hivyo mpaka juzi. Sekondari aliifikisha kidato cha pili tu, mwaka 1968, baba yake alipoanguka kutoka kwenye ngazi na karo ikakatika.

Mwaka 1971 aliajiriwa na halmashauri kuwa msaidizi wa fundi bomba, mzee mmoja mwenye kipara ambaye kila mtu alimwita Mzee Spana. Huyo ndiye aliyemfunza kazi. Alimfunza kuchimba mtaro usiopinda, kulaza bomba, kufunga maungio yasivuje, na alimwachia neno moja ambalo marehemu alilirudia hadi uzeeni, kila mara kwa sauti ya chini zaidi: "Bomba huanza chini, Kamba. Ukianzia juu umejenga sanamu." Alipelekwa chuo cha ufundi mwaka 1976, na aliporudi mwaka uliofuata alipewa cheo cha msimamizi wa ujenzi, meza yenye droo inayofungwa, na kofia ngumu ya njano. Dada yake anasema kofia ile aliivaa hata kwenda dukani kununua chumvi.

Sasa tunafika mahali ambapo wasifu wa kwanza uliruka.

Mwaka 1983 halmashauri ilitia saini mkataba wa mkopo wa serikali. Mkopo ulikuwa mmoja wenye mafungu mawili. Fungu la kwanza lilikuwa la nyumba za wafanyakazi kwenye mteremko wa juu, kwa wenye mshahara wa kudumu, ambao wangekatwa kidogo kidogo kila mwezi. Fungu la pili lilikuwa la kazi za umma. Wapagazi, wauza mboga na wafua nguo wa mtaa wa chini hawakuwa na mshahara wa kukatwa, kwa hiyo hawakuweza kukopeshwa nyumba. Haki yao katika mkataba ule ilikuwa bomba kuu la kuwashushia maji na nguzo sita za kuchotea. Deni la bomba hilo lilipangwa kulipwa kwa ushuru wa soko. Maana yake ni kwamba wauza mboga walijilipia bomba lao wenyewe, asubuhi baada ya asubuhi, kabla hawajauza hata fungu moja la mchicha. Deni liliisha mwaka 2001.

Fedha za serikali zilikuja kwa awamu, na kabla ya kila awamu alikuja mkaguzi. Mkaguzi alikagua kinachoonekana. Kilichofukiwa alikiamini, maana hakuna mkaguzi anayesafiri na jembe. Wasimamizi wa ujenzi wote waliujua mwanya huo, na walikuwa na msemo wao wa kuchekeana kazini: "Tanguliza kinachoonekana." Simamisha nguzo, mkaguzi azione, fedha zije, halafu uchimbe mtaro kwa nafasi. Wengi walifanya hivyo, na haki ya Mungu walichimba. Marehemu naye alisimamisha nguzo zake sita, zikapakwa chokaa, zikafungwa koki zinazong'aa. Mkaguzi akaziona, akaridhika, na awamu ya mwisho ikaja.

Ilikuja wakati bei ya mabati imepanda na nyumba za juu zimesimama kuta bila paa, mawingu yakianza kujikusanya. Wenye nyumba wakamfuata ofisini: dereva wa greda, karani wa mishahara, mkunga wa zahanati. Wote walikuwa wenzake wa kazi, na nyumba ya nne kutoka barabarani ilikuwa yake yeye mwenyewe.

"Kamba, watoto wangu wanalala kwa zamu," alisema dereva wa greda. "Hizo hela za mtaro si zingetuezekea sote?"

"Na wa chini?"

"Wa chini wamezoea. Mvua zikipita tutawachimbia. Kwani bomba linaoza?"

Marehemu aliwatazama mmoja mmoja. Akasema, "Basi tuziazime." Hakuna aliyemlazimisha. Hakula rushwa, na pengine ingekuwa nafuu kama angekula, maana angekuwa na mtu wa kumlaumu. Hela za mtaro zikawa mabati. Miezi michache baadaye mabomba yenyewe, yaliyokuwa yamelala stoo yakisubiri mtaro, yakachukuliwa nayo na kupitishwa mteremko wa juu, kila ua koki moja. Hayo pia yaliitwa kuazima.

Sherehe ya ufunguzi ilikuwa Jumamosi, tarehe 23 Agosti 1986. Mgeni rasmi alitaka kufungua koki ya nguzo ya kwanza kwa mkono wake. Usiku wa kuamkia siku hiyo marehemu alipandisha mapipa mawili ya maji juu ya meza ndani ya kibanda cha seremala nyuma ya nguzo, akayaunganisha kwa mpira uliopita chini ya mchanga. Mgeni alifungua koki, maji yakatoka, watu wakashangilia, mgeni akanawa mikono na kuifuta kwa leso. Yule bingwa wa vipimo alikuwa amepima urefu wa hotuba, akasahau kupima foleni. Vumbi la magari yaliyomwondoa mgeni halijatua, koki ikakohoa na kukata. Zamu ilikuwa ya msichana mfua nguo, na ndoo yake ilikuwa imefika nusu. Aliigonga koki kwa kiganja, akageuka kumtazama mwenye kofia ya njano.

"Kaka, limeziba?"

"Ni presha tu," alisema marehemu. "Litarudi kesho." Akamtabasamia.

Neno hilo la presha likawa jibu la ofisi kwa miaka yote iliyofuata. Waliokwenda kulalamika waliambiwa presha. Waliorudi waliambiwa presha bado. Mtaa uko chini ya kilima, tangi liko juu ya kilima, na watu wazima wenye akili zao wakawa wanaelezwa kwamba maji yameshindwa kushuka.

Marehemu alifunga ndoa tarehe 17 Desemba 1988, na aliyemwoa ni yule msichana wa ndoo nusu. Alipokwenda kujieleza kwao alikuwa ameandaa maneno mengi juu ya nyumba yake mpya na paa lake. Msichana alimwacha aongee.

"Usiku wa kuamkia sherehe," akamwambia, "nililala nyuma ya kibanda cha seremala. Nilikuwa nalinda nguo za watu nilizoanika nje. Nilikuona kwenye nyufa za mbao ukipandisha mapipa."

Marehemu akauliza, "Na hukumwambia mtu?"

"Nimwambie nani? Wewe ndiye ofisi."

"Sasa mbona umekubali nije?"

"Kuja nimekubali. Mengine bado." Akatoa sharti lake. Lango la nyumba ile lisifungwe mchana, na koki ya uani iwe ya yeyote mwenye ndoo. Marehemu alikubali papo hapo. Alidhani ni adhabu ya mwaka mmoja hivi, mpaka atakapochimba mtaro.

Mjane ameagiza naye aandikwe. Maneno yake ni haya: "Msimwandike yeye peke yake mkaniacha mimi safi. Nilipanda juu, nikapata koki uani, nikanyamaza. Nilijiambia lango liko wazi, yatosha."

Mwenyezi Mungu aliwajalia watoto watatu. Walikulia katika ua usiokauka. Kabla jua halijachomoza ndoo zilikuwa zimepangwa langoni, na marehemu, akiwa na fulana na kandambili, aliwajazia wazee na kuwatwisha wajawazito nusu nusu. Hapo ndipo lilipozaliwa lile jina ambalo wengi wenu mnamjua kwalo, Baba Bomba. Hakulipenda. Aliwaomba watu wamwite Kamba, nao wakasema tazama mtu asivyojikweza. Kila shukrani ilimpata mahali pabaya. Mama wa nyanya, kiongozi wa kina mama wa mtaa wa chini, alikuwa akimwombea dua kwa sauti huku ndoo ikijaa, na marehemu alikuwa akikumbuka ghafla kwamba ameacha kitu ndani. Mkewe hakumwonea huruma. "Maji ya kwetu ni hodari," alikuwa akisema mezani. "Yanapanda kilima mpaka uani. Kushuka tu ndiko kunakoyashinda." Watoto walicheka kwa kuwa hawakujua. Baba yao aliinamia sahani.

Mtaro hakuuchimba. Kila mwaka ulikuwa na sababu yake. Awali hapakuwa na fedha. Baadaye fedha zingeweza kuombwa, lakini kuziomba ni kusema kwamba za kwanza zilikwenda wapi, na kusema hivyo ni kupoteza kazi, labda na nyumba, na kuwaponza waliokaa chini ya mabati yaleyale. Kwa hiyo akawa anangoja kustaafu. Alistaafu kwa heshima tarehe 1 Machi 2012, akapewa saa ya ukutani na cheti cha uadilifu. Saa aliitundika. Cheti hakuna aliyekiona tena.

Mwaka uliofuata alijikaza. Alisimama kwenye mkutano wa mtaa wa chini, akasema, "Nguzo hizi chini hazina kitu. Ni mimi niliyezisimamisha tupu. Mabomba yenu yako uani kwetu." Mama wa nyanya akainuka. "Baba Bomba," akasema, "usijitwishe makosa ya wakubwa. Sisi tunakujua." Watu wakampigia makofi, wengine wakasimama. Alirudi nyumbani, akakaa kwenye ngazi, akamsimulia mkewe.

"Hukuchukua jembe ukawachimbia waone?" mkewe akauliza.

"Walinipigia makofi."

"Na wewe ukayapokea."

Mjane anasema katika miaka yote ya ndoa yao hapo ndipo alipomwonea aibu kuliko siku ya mapipa. Siku ya mapipa alikuwa kijana mwenye hofu ya mkubwa wake. Siku ya makofi alikuwa mzee asiye na wa kumwogopa, na ukweli ulikuwa mkononi mwake.

Mwaka 2014 alikwenda ofisi ya mikopo ya serikali kuuliza kama mtaa wa chini unaweza kukopeshwa bomba. Afisa, binti wa umri wa mwanawe, alimtafutia kwa adabu zote. "Mzee wangu, bomba lipo," akamwambia. "Linaonekana limejengwa, limekaguliwa na limelipwa. Serikali haiwezi kukopesha mara mbili kitu kilekile. Labda halmashauri itamke kwamba kazi ya kwanza haikufanyika. Wewe unasema haikufanyika?" Marehemu aliomba maji ya kunywa. Alipomaliza glasi aliaga, akasema atarudi na mwenzake. Hakurudi.

Alipatwa na kiharusi tarehe 6 Juni 2021. Upande wa kulia ulikufa ganzi, na ulimi ukawa mzito kiasi kwamba ni mkewe tu aliyemwelewa. Kina mama wa mtaa wa chini walikuja kwa zamu. Walimfulia mashuka, wakamnywesha uji kwa kijiko, wakamkumbusha ndoo zote alizowajazia. Yeye aligeuza uso ukutani. Wakadhani ni maumivu. Siku za mwisho alirudia neno moja, "Niseme," na mkewe akamwambia, "Ulikuwa na ulimi mzima, baba watoto." Mjane anajuta kulisema hilo. Amekataa tulifute. Marehemu alifariki nyumbani, Alhamisi tarehe 12 Oktoba 2023, saa kumi alasiri, wakati watu wakiwa langoni wanachota.

Wasifu ulipobadilishwa, habari zilifika mteremko wa juu kabla ya wino kukauka. Dereva wa greda, ambaye sasa ni mstaafu, alikuja na wenzake wawili. "Shemeji," akasema, "marehemu hasemwi vibaya. Ukiyafukua haya utatufukua sote."

"Najua hasemwi," mjane akamjibu. "Ila aliyekufa ni mmoja, shemeji. Wenye kiu wako hai."

Juzi Jumamosi asubuhi watoto wa marehemu walikwenda na majembe kwenye nguzo ya kwanza, mbele ya watu. Hawakuchimba sana. Kipande kifupi cha bomba, kisichofika urefu wa mkono, kilishuka kutoka kwenye koki na kuishia kwenye udongo mkavu, kimezibwa kwa kuni iliyofungwa kitambaa. Mama wa nyanya aliinama akakitazama, akakigusa, akainuka polepole akimtafuta mjane kwa macho.

"Dada, na wewe ulijua?"

"Nilijua."

Mama wa nyanya aliokota ndoo yake tupu akaenda zake. Jana lango lilikuwa wazi tangu alfajiri na koki inatoa maji. Hakuja mtu. Leo pia hakuja mtu. Mjane alikaa uani na koki yake mpaka muda wa kuja hapa ulipofika.

Kwa hiyo familia inawashukuru waliokuja, na hasa wa mtaa wa chini mliosimama kule nyuma. Hatukuwatarajia, na hatuna uso wa kuwaomba msogee mbele. Mheshimiwa diwani yupo na amesikia. Lile swali la afisa wa mikopo familia inalijibu leo mbele yake: kazi haikufanyika. Mjane anajua kwamba nyumba yake inaweza kudaiwa, na amesema idaiwe.

Marehemu ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu wanne, dada yake mkubwa, na mpwa wake anayesoma. Ameacha pia mtaa mzima aliouchotea maji yake wenyewe, ukamshukuru.

Wasifu kama huu humalizikia kwa kumtakia marehemu pumziko la amani. Mjane ameomba neno hilo sisi tusilitamke. Anasema si letu kulitoa. Litatamkwa na mtu wa mtaa wa chini, siku atakapojaza ndoo kwenye nguzo yake mwenyewe, kama atataka. Asipotaka, asiulizwe.